Wapiga video wa harusi Mbeya, acheni kuzima kamera mdomoni mwa watu!

Wakuu, samahani kwa hasira, sijalala. Niko Mwanjelwa kwenye kibanda changu cha kuediti, saa kumi alfajiri, baridi la Julai linaingia hadi kwenye mifupa, na mbele yangu kuna harusi ya Tukuyu yenye klipu 312. Aliyeshuti simtaji. Akipita hapa atajijua.

Huyu jamaa anawasha kamera neno likiwa limeshaanza, anazima kabla halijaisha. Klipu zote! Alikuwa anaogopa kadi kujaa, au sijui betri.

Sasa kwa wasioelewa kwa nini nalia. Transisheni ya kuyeyusha picha moja iingie kwenye nyingine haitokei hewani. Ikiwa ya sekunde moja, kwa video ya fremu 25 kwa sekunde (fremu ni picha moja moja zinazounda video), inataka kama fremu 12 zilizobaki baada ya mkato kwa klipu ya kwanza, na nyingine kama hizo kabla ya mkato kwa klipu ya pili. Nikikata mwenyewe mezani hakuna shida, mabaki yapo, yamejificha tu nyuma ya mkato. Lakini kama hukuyashuti nitayatoa wapi? Premiere, programu ninayoeditia, inakuonya kabisa kwamba itarudia fremu, halafu inarudia kweli. Bibi harusi anaganda mdomo wazi kama amepigwa picha ya kitambulisho.

Dawa yake ni kumega klipu zenyewe ili upate mabaki. Nimemega. Unajua kilichomegeka? "Nakubali" ya bwana harusi. Imebaki "Naku". Niende kwa baba mwenye binti na "Naku"?

Kuna mwenzake aliyeanza kuediti kabla kazi haijafika kwangu. Kaburuza transisheni moja moja kwa kipanya, mikato yote, mioyo, nyota, kurasa zinazofunguka. Kanisani, mchungaji anaomba, nyota zinapita! Ndugu yangu, kwenye Premiere chagua klipu zote, bonyeza Shift na D, kazi imeisha. Mkato mmoja tu? Ctrl na D. Kwenye DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuediti, ni Ctrl na T. Na muda wake upange kwenye mipangilio KABLA hujaanza, maana ukibadilisha baadaye zile ulizokwisha kuweka hazifuati. Mimi nimezifuta zote, nikarudisha sita. Ya kutoka kanisani kwenda ukumbini ni ya lazima, saa zimepita na mvua ya Tukuyu imeshanyesha na kuacha. Mikato mingine inajitosheleza.

(Najua wateja mnapenda mbwembwe. Mama mmoja wa Uyole aliwahi kunirudishia kazi akasema "mbona haizunguki zunguki". Nikaizungusha, hela ni hela.)

Kuanzia wiki hii, atakayeniletea klipu zisizo na angalau sekunde mbili za ziada mbele na nyuma, nachaji mara mbili. Mnaotoka Iringa na Makambako pia, msijifanye hamjasoma. Hesabu kimoyomoyo moja, mbili, ndipo mtu aongee. Akimaliza, moja, mbili, ndipo uzime. Kadi haitakufa.

Mwenye harusi anakuja saa nne. Kuna mtu ana sauti ya simu ya mgeni yeyote aliyerekodi ile "Nakubali"? Siulizi kwa utani.