Labu ya nyumbani kwa ajili ya mtihani: laptopu, kompyuta ndogo ya mezani au seva?

Bweyo_Kijana
Habari zenu wakubwa. Mwaka huu lazima nifanye mtihani wa IT, na nataka labu ya nyumbani ya kuendesha VM kadhaa, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya mashine moja. Nina milioni 1.5, nimeikusanya kidogo kidogo tangu mwaka jana. Jumamosi nilizunguka katikati ya Kampala nikaona vitu vitatu vya mtumba: laptopu ya ThinkPad T480, kompyuta ndogo ya mezani HP EliteDesk 800 G3 Mini, na seva ya Dell PowerEdge R710. Seva ndiyo iliyonivuta zaidi, RAM 64GB kwa bei ileile. Nataka kulipa wiki hii. Nichukue ipi?

FundiWaJinja
Mtihani gani, ssebo? CCNA ya mitandao? Red Hat ya Linux? Windows? Kila mmoja una labu yake. Na unakaa nyumba nzima au chumba? Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

seva_kuu
Mimi sihitaji hata kujua mtihani. Chukua seva, weka Proxmox, programu ya kuendesha VM. Ni bure, imejengwa juu ya Debian (aina ya Linux) na KVM (injini ya VM iliyo ndani ya Linux), na unaiendesha kwa kivinjari ukiwa kitandani. Utajifunza RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, utajifunza kuchomoa diski mbovu na kuweka nyingine huku mashine inafanya kazi. Aliyesomea kwenye laptopu tu, siku ya kwanza ndani ya chumba cha seva anajulikana.

BintiArua
Kaka seva_kuu, R710 ilitoka 2009. Hebu tupige hesabu. Tuseme inakula wati 200, feni zikiwa zinavuma. Ikiwaka usiku na mchana ni uniti 144 kwa mwezi, na uniti moja ni zaidi ya shilingi 700. Hiyo ni zaidi ya laki moja kila mwezi. EliteDesk Mini ikitulia inakula wati 15 hivi, haifiki uniti 11.

seva_kuu
Nani kasema iwake usiku na mchana? Unasoma, unawasha. Umemaliza, unazima.

Bweyo_Kijana
Samahani, niliyaacha hayo. Mtihani ni RHCSA, ule wa Red Hat wa kusimamia Linux. Nakaa chumba kimoja Bweyogerere, Yaka tunachanga na jirani. Kompyuta ninayotumia sasa ni ya kazini, haturuhusiwi kuweka programu yoyote. Sina monita wala televisheni.

FundiWaJinja
Sasa tunazungumza. Kama huna monita, bei ya EliteDesk si ile uliyoambiwa: ongeza monita, keboodi, na UPS (betri ya akiba), maana yenyewe haina betri na umeme ukikatika VM zako zinaanguka katikati ya kazi. Seva ndani ya chumba kimoja kwa umeme wa kuchanga, utakosana na jirani mwezi wa kwanza.

Na RHCSA haitaki makubwa. VM mbili, kila moja RAM 2GB, na kila moja diski ya ziada ya kufanyia LVM (kugawa na kupanua nafasi ya diski). Mashine yenye RAM 16GB inatosha na inabaki. Mtihani wote ni wa vitendo, hakuna maswali ya kuchagua, na alama za kupita ni 210 kati ya 300. Ulichosanidi lazima kiwepo baada ya mashine kuwashwa upya. Ukikosea mstari mmoja kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa mashine ikiwaka, mashine inakwama kabla hata hujaona pa kuingilia. Piga snapshoti (nakala ya hali ya VM unayoweza kuirudia), haribu, rudi nyuma, haribu tena. Fanya hivyo mara hamsini mpaka mkono uzoee.

Kasese_Net
Bweyo_Kijana, nisikilize kabla hujalipa hiyo T480.

Mwaka juzi nilitoka Kasese kwa basi la usiku kwenda kununua ThinkPad kwenye duka moja katikati ya Kampala. Safi, haina mkwaruzo. Muuzaji akaiwasha Windows, akanifungulia video, akanipa na begi juu yake. Nikarudi siku ileile. Asubuhi nikaweka VirtualBox, programu nyingine ya kuendesha VM, nikatengeneza VM ya kwanza, nikabonyeza kuwasha. Likaja kosa: VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED. Maana yake VT-x, uwezo wa prosesa ya Intel wa kuendesha VM, imezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashine. Nikasema si neno, naingia BIOS naiwasha. Nikabonyeza F1, kikatokea kialama cha kufuli na kisanduku kinachodai nywila. Nywila ya kampuni iliyokuwa na hiyo laptopu huko Ulaya kabla haijawa mtumba!

Nikatoa betri. Nikafungua mgongo, nikachomoa na ile betri ndogo ya saa, nikaiacha wazi mezani siku nzima. Wapi. ThinkPad huhifadhi nywila hiyo kwenye chipu ambayo haisahau kwa kukosa umeme. VirtualBox nayo, tangu toleo la 6.1, haiendeshi VM yoyote bila VT-x, na KVM ni vivyo hivyo. Nilimpigia muuzaji akaniuliza, "Laptopu si inawaka?" Nikapanda basi tena mpaka dukani, akaniambia mali ikishatoka mlangoni hairudi. Mwishowe nilimuuzia mwalimu mmoja kwa hasara ya laki nne. Yeye anachapia mitihani ya wanafunzi wake, inamtosha kabisa. Mimi nilikaa miezi mitano bila labu, mtihani nikausogeza.

Ukiwa dukani, kabla ya kutoa hata shilingi, izime, iwashe, bonyeza F1 kwa kidole chako mwenyewe, uingie mpaka uione VT-x kwa macho. Muuzaji akikuambia hakuna haja, ondoka.

Bweyo_Kijana
Pole sana mkuu. Mimi nilikuwa nimekagua skrini na chaja tu.

BintiArua
Pole, Kasese_Net. Niongeze la prosesa. RHEL 10, Linux ya Red Hat, inataka prosesa ya kiwango cha x86-64-v3, kwa Intel ni kuanzia Haswell, yaani kizazi cha 4, yenye amri za hesabu za AVX2. R710 ina prosesa za Xeon za 5500 na 5600, hazina hata AVX ya kwanza. Ukijaribu, skrini inaandika "Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v3" na safari inaishia hapo. T480 na EliteDesk G3 zote zinapita. AlmaLinux 10, Linux ya bure inayofanana na RHEL, wana toleo la prosesa za zamani, lakini kwa RHCSA ningependa usomee RHEL yenyewe. Ukifungua akaunti ya wasanidi ya Red Hat unapewa bure mpaka mashine 16.

seva_kuu
Hilo la v3 sikulijua, nakubali. Basi atafute R730 ya Dell, seva mpya zaidi, hiyo inapita. Bado nasema seva.

Mbale_Admin
Mbona kila mtu Proxmox na VirtualBox? Kwenye makampuni utakutana na VMware, nao wana programu za VM. Workstation Pro yao ni bure tangu 2024.

seva_kuu
VMware ipi, hiyo ya Broadcom? Wameinunua Novemba 2023, Februari 2024 wakaondoa ESXi ya bure (programu yao ya VM kwa seva), Aprili 2025 wakairudisha. Siwezi kujenga masomo yangu juu ya kitu kinachotolewa na kurudishwa hivyo.

Mbale_Admin
Mwajiri wako hatakuuliza unaipenda au huipendi, ndugu. Atakuuliza unaijua.

FundiWaJinja
Wakubwa, kijana anasomea Red Hat. Aweke Linux yenyewe kwenye laptopu, juu yake KVM na virt-manager, dirisha la kusimamia VM. Hapo hata akiangalia barua pepe yuko ndani ya Linux.

Gulu_Tek
Mimi ningemshauri CCNA kwanza. Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao, ni bure na hata laptopu ya RAM 4GB inaibeba. Milioni yake inabaki kwa ada ya mtihani.

Bweyo_Kijana
CCNA hapana, kazini wananihitaji kwenye Linux. Nimeanza kuegemea T480. Ila aliyonionyesha ina RAM 8GB, kipande kimoja. Nakosea?

BintiArua
Hukosei. T480 ina nafasi mbili, utaongeza kingine cha 8GB cha DDR4. Ila soma jina vizuri, usichanganye na T480s. Hiyo ina RAM iliyochomelewa kwenye bodi na nafasi moja tu.

Kasese_Net
Na F1.

Bweyo_Kijana
Na F1. Nitaenda Jumamosi. R730 nitaiulizia bei pia, sijafunga mlango.

Gulu_Tek
Mkiwa hapohapo, RHEL mnaipakuaje? ISO, faili la kusakinishia, ni GB kadhaa. Mimi natumia bando la usiku, juzi ilikatika ikiwa asilimia 90 na kivinjari kikaanza upya.

FundiWaJinja
Acha kivinjari. Tumia wget -c, amri ya kupakua, inaendelea ilipoishia. Ila kiungo cha Red Hat kinaisha muda, kikikataa chukua kipya, uitaje faili ileile kwa -O.

BintiArua
Mimi ninayo ISO kwenye fleshi. Nashuka Kampala wiki ijayo, lakini basi letu linapita Karuma, haliingii Gulu. Una mtu Karuma wa kuipokea?

Gulu_Tek
Shemeji yangu ana duka pale stendi. Ni siku gani, na saa ngapi mnapita?