Wauza dima za taa Nakuru, kuku wangu wanne wamekufa kwa sababu yenu

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nitulie.

Nafuga kuku 200 wa mayai huku Bahati. Kuku anayetaga anataka mwanga wa saa 16 hivi kwa siku, na jua letu hapa ikweta linatoa 12 tu. Zilizobaki ni za taa. Kazi iko kwenye kuzima. Ukizima ghafla kuku wanabaki chini gizani, hawazioni fito za kulalia, wanakimbilia pembeni na kulaliana. Ndiyo maana nikatafuta dima, ile swichi ya kupunguza mwanga, taa zififie polepole wapande wenyewe.

Nilimweleza muuzaji mmoja mjini haya yote, neno kwa neno. Akanipa dima ya ukutani na balbu tano za LED, wati 7 kila moja. "Hii inafanya na balbu yoyote, mama."

Balbu yoyote! Jioni ileile nilipoizungusha nusu, taa zikaanza kupepesa, kuku wakapiga kelele. Nikashusha kidogo tu, zikazimika zote kwa mpigo. Asubuhi nikaokota wanne kwenye kona, wamebanwa hadi wakakosa pumzi.

Fundi wa duka akasema eti stima ya huku ni mbaya. Uongo! Nilizima swichi kuu nikaifungua ile dima. Ndani mna triaki, swichi ndogo ya kielektroniki, na kazi yake ni kukata mwanzo wa kila nusu ya wimbi la umeme, mara 100 kwa sekunde kwa stima yetu ya hezi 50. Balbu ya zamani haioni tofauti kwa sababu uzi wake haupoi haraka hivyo. LED ina saketi yake ndani inayong'ang'ania mkondo usibadilike, sasa dima inakata na balbu inavuta. Isitoshe, triaki bila mzigo wa kutosha, yaani balbu zikivuta umeme kidogo mno, inaachia na taa zinazimika. Mgongoni mwa dima imeandikwa kuanzia wati 60. Zangu zote ni 35! Na kwenye boksi la balbu, kwa herufi ndogo kama punje za wimbi, imeandikwa isitumike na dima. Boksi hilo alilishika mkononi akinihesabia chenji.

Kijana wa jirani anayesomea umeme amenifungia mkanda wa LED wa volti 12 na mosfeti, swichi nyingine ya kielektroniki, inayouwasha na kuuzima mara 1,000 kwa sekunde. Ukitaka mwanga upungue, unafupisha muda wa kuwaka. Jana ulififia nusu saa nzima bila kupepesa, na kuku wote walikuwa juu ya fito.

Nimerudi na risiti naambiwa kilichotumika hakirudishwi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema ukimwambia mfanyabiashara kitu unakitakia kazi gani na ukategemea ujuzi wake, lazima kiifae kazi hiyo. Mimi nilimwambia. Aliyewahi kurudishiwa pesa kwa njia hiyo hapa Nakuru anieleze alianzia wapi, Jumatatu niko pale mlangoni wakifungua.