Kuhamia Wales ya Kiwelshi na watoto wadogo: Caernarfon, Bangor au Aberystwyth?

MamaNuru
Habari zenu wadau. Naomba mawazo ya waliotutangulia. Mimi ni nesi, mzaliwa wa Tanga, niko Leicester mwaka wa tano huu. Mume wangu ni mtu wa Mombasa, dereva wa malori. Nimeitwa kazini sehemu mbili: hospitali ya Ysbyty Gwynedd kule Bangor, na ya Bronglais kule Aberystwyth. Jibu wanalitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Watoto ni wawili, wa kike ana miaka minane na wa kiume mitatu. Nyumbani tunaongea Kiswahili na hilo hatulilegezi.

Kinachoninyima usingizi ni lugha. Hakuna hata mmoja wetu anayejua neno la Kiwelshi, na nasikia shule za msingi za Gwynedd, mkoa wenye Bangor na Caernarfon, zinafundisha kwa Kiwelshi tangu siku ya kwanza. Binti yangu ndiyo kwanza kusoma kwake kwa Kiingereza kumekaa sawa. Nimrudishe tena mwanzo? Tunapima mahali patatu: kuishi Caernarfon nikawa naenda kazini Bangor, kuishi Bangor penyewe, au Aberystwyth. Mngekuwa nyinyi mngekwenda wapi?

BabaMenai
Karibu dada. Sisi tuko Caernarfon mwaka wa sita. Tulifika binti akiwa na miaka miwili na nusu, kaka yake saba, kwa hiyo hali yako naijua.

Elewa kwanza kwamba Caernarfon Kiwelshi si cha kwenye vibao tu. Zaidi ya watu wanane kati ya kumi wanakiongea. Sensa ya 2021 iliikuta Wales nzima na asilimia 17.8 ya wasemaji, Gwynedd 64.4, na Ceredigion, ambako ndiko Aberystwyth iliko, 45.3. Ukiingia dukani utawakuta wanaongea chao. Wakiona hujaelewa wanahamia Kiingereza bila kununa. Hutakwama kwa daktari wala benki, na barua za halmashauri zinakuja kwa lugha zote mbili.

Mdogo mpeleke Cylch Meithrin. Ni chekechea za Kiwelshi chini ya Mudiad Meithrin, jumuiya iliyoanza 1971, na watoto wengi wanaopelekwa hawana Kiwelshi nyumbani. Hawakaririshwi. Mtoto anavalishwa koti kwa Kiwelshi, ananawishwa mikono kwa Kiwelshi, anaimbishwa. Wangu alikaa kimya karibu miezi mitatu, mama yake akawa analia usiku, mimi nikadhani tumemharibu mtoto. Siku moja yuko kwenye beseni anaoga, akaanza kuhesabu mwenyewe, un, dau, tri, mpaka kumi, huku anammwagia bata wake maji. Sikumwambia kitu. Nilikwenda kumwita mama yake aje asikilize mlangoni.

Kuhusu mkubwa: Gwynedd ina vituo vya lugha kwa ajili ya watoto waliofika wakubwa, na utaratibu huo upo tangu miaka ya 1980. Mtoto anatolewa shuleni kwake kwa wiki kadhaa, anawekwa kwenye darasa dogo, kazi ni Kiwelshi tu, kisha anarudi kwa wenzake. Mwanangu hakutoka pale fasaha. Alitoka haogopi, na mimi hilo ndilo nililolihitaji.

Ubaya wa Caernarfon ni kwamba treni ya kawaida haifiki, kuna ile ya watalii tu. Kituo kiko Bangor, maili tisa hivi. Mchana mabasi yapo, ila kwa zamu za usiku bila gari utateseka.

Mwana_wa_Bangor
Mimi nasema Bangor. Ni mji wa chuo kikuu, chuo kipo tangu 1884, wageni ni wengi, watoto wako hawatakuwa weusi pekee darasani. Kituo cha Kiislamu kipo High Street. Treni ya moja kwa moja hadi London inachukua masaa matatu na ushei. Na shemeji dereva asisahaulike: barabara ya A55 inapita hapa kwenda bandari ya Holyhead, malori ya Ireland usiku na mchana. Aberystwyth hatapata kitu kama hicho.

Shule za msingi hata hapa Kiwelshi ndicho kinachotawala, lakini sekondari mnachagua: Tryfan ni ya Kiwelshi, Friars ina nafasi kubwa ya Kiingereza. Binti yako akifika miaka kumi na moja mtakuwa mmeshamjua anaegemea wapi.

Kasoro yake niiseme. Kwa kuwa wanafunzi wa chuo ni wengi, Bangor Kiwelshi ni kichache kuliko vijiji vinavyoizunguka. Watoto wangu wanakisoma darasani, wakifika uwanjani wanabadili. Wa BabaMenai wanagombana kwa Kiwelshi, nimewasikia mwenyewe.

DadaMkubwa
Mdogo wangu, nitakueleza yaliyotupata, si kwa kukutisha. Tulihamia magharibi mwa Wales kijana wangu akiwa na miaka kumi na mbili. Tukampeleka sekondari ya Kiwelshi kwa sababu ilikuwa karibu na ilikuwa na sifa. Hatukuuliza ina msaada gani kwa mgeni, na wao hawakutuambia. Sayansi, hesabu, historia, vyote kwa lugha aliyoanza kuisikia mwezi ule. Alikuwa anarudi, anajilaza na viatu, haongei. Tulimhamishia ya Kiingereza baada ya mwaka, na mwaka ule hatukuupata tena. Mdogo wake, aliyeanza na miaka minne, leo anaandika insha kwa Kiwelshi.

Nyumba ile ile, wazazi wale wale. Kilichowatofautisha ni umri waliofika nao. Wa miaka mitatu usimuwazie kabisa. Wa minane bado yuko ndani ya muda, lakini mkisema mngoje miaka mitatu mjipange, atafika kama alivyofika wangu. Mkienda, nendeni mwaka huu, na kabla hamjasaini nyumba piga simu halmashauri uulize nafasi ya kituo cha lugha.

MamaNuru
DadaMkubwa, shikamoo, na pole sana kwa mliyopitia. Umeniamsha. Lakini naomba niulize: lugha tatu kichwani kwa mtoto, Kiswahili hakitakuwa cha kwanza kutupwa? Bibi yake yuko Tanga, hana Kiingereza. Wanangu wakipoteza Kiswahili wamempoteza bibi.

MwalimuKilifi
Hilo acha nilijibu mimi, maana nimefundisha na sasa najifunza Kiwelshi mwaka wa pili.

Kiswahili hakiuliwi na Kiwelshi. Kinauliwa na wazazi kuanza kuwajibu watoto kwa Kiingereza. Nimeona Waswahili wa London wasiokuwa na Kiwelshi hata chembe, na watoto wao hawawezi kumsalimia bibi kwenye simu. Na walimu wa huku wana jambo ambalo Leicester hamlipati: wanajua lugha ya nyumbani ikibanwa inakuwaje. Karne ya 19 mtoto wa Wales aliyekutwa anaongea lugha yake shuleni alivishwa shingoni kibao cha mti chenye herufi WN, yaani Welsh Not, Kiwelshi marufuku. Mimi shuleni kwetu nilivishwa kibao kwa kuongea Kigiriama. Siku nilipomsimulia mwalimu wa binti yangu alinyamaza, kisha akaniuliza amwambieje mtoto habari za asubuhi kwa Kiswahili. Tangu siku hiyo anamsalimia hivyo.

Halafu Mswahili anakuja na mtaji. Kiwelshi kinasomwa kilivyoandikwa, kama chetu, ukishajua kwamba w na y nazo ni vokali. Herufi dd ni dh ya dhahabu. Herufi th ni ya thelathini. Herufi ch ni kh ya kheri, ile ambayo darasani kwangu Waingereza wanahangaika nayo. Ng' ya ng'ombe ipo, tena mwanzoni mwa neno: gardd ni bustani, fy ngardd ni bustani yangu. Na maneno yanabadilika kwa mbele: Bangor, i Fangor ni kwenda Bangor, ym Mangor ni mjini Bangor. Wenzetu wanashangaa neno kubadilika kichwani. Sisi tumekulia kwenye ulimi na ndimi, ukuta na kuta. Itakayokutoa jasho ni ll. Weka ulimi kama wa kutamka l, kisha upulize bila sauti.

Aber_Tena
Msiidharau Aberystwyth. Ni mji mdogo, salama, bahari iko mlangoni. Shule ya kwanza kabisa ya msingi ya Kiwelshi ilianzia hapa 1939 na watoto saba, lakini anayetaka Kiingereza naye anakipata sekondari: Penweddig ni ya Kiwelshi, Penglais ya Kiingereza. Kwa mtu mwenye wasiwasi kama wako uhuru huo ni mkubwa. Ila kwa shemeji siwezi kubisha. Reli ni moja tu, Birmingham ni masaa matatu, na kazi za malori hakuna za kutosha.

MamaNuru
Swali la mwisho. Nimesoma kwamba wenyeji wana hasira na wanaohamia. Ni kweli?

BabaMenai
Hasira ipo na ina haki yake. Ni juu ya nyumba za likizo, zile zinazokaa giza tangu Oktoba hadi Pasaka huku vijana wa kijiji hawana pa kupanga. Ndiyo maana tangu Aprili 2023 Gwynedd inamtoza mwenye nyumba ya pili asilimia 150 juu ya kodi ya kawaida ya halmashauri. Mtu anayekuja kuuguza wazazi wao na kuwapeleka watoto kwenye shule yao hawamhesabu humo. Shule za vijijini zinafungwa kwa kukosa watoto. Watoto wawili ni neema.

Lakini na nyinyi wazazi msiwaachie watoto peke yao kazi hiyo. Mke wangu alianza na bore da (habari za asubuhi) na diolch (asante) tu wodini, akivaa beji ya mwanafunzi wa lugha. Kuna mzee mmoja mwenye kusahau, Kiingereza kilikuwa kimeshamtoka, akabaki na Kiwelshi. Alimshika mkono mke wangu kwa sababu ya lile bore da, hakutaka nesi mwingine amlishe.

MamaNuru
Nimemsomea mume wangu yote haya. Yeye anavutia Bangor kwa ajili ya Holyhead, mimi navutiwa na Caernarfon kwa ajili ya watoto, Aberystwyth tumeiondoa. Likizo fupi ya Februari tutakuja siku nne, tulale mbili huku na mbili kule. BabaMenai, nitakutumia ujumbe pembeni unipe jina la chekechea mliyoanzia, nipige simu Jumatatu. Mkubwa leo asubuhi nimemkuta mbele ya kioo anapuliza ll, mate yamejaa kioo chote.