Tunalipia choo kila siku, halafu bomba la majitaka "halina bajeti"

Wanakijiji, leo nina hasira na sitaomba radhi.

Huku kwetu Mukuru, mtaa wa mabanda Nairobi, choo ni shilingi 10. Piga hesabu: familia ya watu watano, kila mmoja aende mara mbili tu kwa siku, ni 100. Mwisho wa mwezi ni 3,000, bei ya kukodi chumba cha mabati. Na usiku choo kikishafungwa, mnajua vile karatasi za nailoni hutumika. Halafu mtu wa suti anasimama kwenye kikao cha maoni ya bajeti anatuambia watu wa mabanda hawawezi kumudu huduma ya majitaka. Tunamudu kuliko wewe, mheshimiwa! Ila pesa zinaishia kwa mwenye choo, na kwa vijana wanaozoa shimo kwa ndoo usiku na kumwaga Mto Ngong. Hao vijana sina ugomvi nao, lori la kufyonza litapitia wapi?

Visingizio vya kutotuletea bomba ni viwili. Eti nyumba zimebanana. Agosti 2017 kaunti ilitangaza mitaa ya Mukuru, yaani Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalum la mipango, lipangiwe huduma kivyake. Wenyeji wakaketi, ramani zikachorwa. Kwa Reuben kukalazwa mabomba membamba, ya kina kifupi, yakapita vichochoroni humo humo. Sasa kubanana kumetoka wapi tena?

Cha pili, eti ardhi si yetu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya usafi wa kiwango cha kuridhisha. Kila mtu, si kila mwenye hatimiliki. Na Jedwali la Nne limeipa kaunti kazi ya maji na usafi.

Mimi naona shida ni kwamba bomba likishafukiwa halionekani, hulipaki rangi ukaandika jina lako. Ndiyo maana tunaletewa vyoo vya kukatiwa utepe. Vikijaa, kufuli. Na taa ya mulika mwizi juu yake, tuone vizuri kinachotiririka.

Mafuriko ya 2024 mashimo yalifurika hadi vyumbani, watoto wakilala juu ya meza. Serikali iliyokosa pesa za bomba ilipata za tingatinga haraka sana, nyumba za kando ya mto zikalala chini.

Sasa nisaidiwe. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Nataka orodha ya miradi ya wadi yetu, na kila shilingi iliyotengewa majitaka. Aliyewahi kuandika barua kama hiyo ikajibiwa, aweke mfano hapa, tuipeleke ikiwa na sahihi za ploti nzima. Nyinyi wa kutuambia "rudini ushago", yaani mashambani, piteni na njia, uzi si wenu.