Mbunge akishaapa, bosi wake ni nani?

Tumbiri: Wakuu, tunaambiwa mamlaka ni ya wananchi na mbunge ni mjumbe wao. Sasa jimbo linataka hiki, chama kinataka kile, na yeye moyoni anaamini jambo la tatu. Apige kura upande gani? Mimi nasema jimbo, ndilo lililomwajiri. Asiyetaka kutumwa asiombe kazi.

Mzee wa Hoja: Ubishi mkongwe huu. Edmund Burke, mbunge wa Uingereza, aliwaeleza wapiga kura wa jimbo lake la Bristol mwaka 1774 kwamba mbunge ana deni la busara yake kwao, si utiifu mtupu. Nami namuunga mkono, maana mpiga kura wa kawaida hajawahi kufungua muswada hata mmoja. Anachokijua ni rangi ya fulana ya kampeni.

Bi Nukta: Rangi ya fulana! Shikamoo yako Mzee, lakini hapo umetutukana. Hao wabunge wenyewe wanaisoma? Muswada kurasa mia mbili, wanaitikia "ndiyoooo" wakiwa nusu usingizini. Na huyo Burke wako, uchaguzi wa 1780 alijitoa Bristol alipoona kura hazitatosha. Busara hiyo.

Mzee wa Hoja: Marahaba. Alipata jimbo jingine akarudi bungeni.

Bi Nukta: Kwa hisani ya mkubwa mmoja mwenye jimbo lake mfukoni, si kwa wananchi. Endelea kumtetea.

Kijembe: Mnagombania mwajiri wakati mwajiri ni yule anayepitisha jina la mgombea. Tanzania, Ibara ya 71 ya Katiba, mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, kiti hana. Jimbo zima linaweza kumpenda na bado akaenda nyumbani. Ndiyo maana mimi sipigi kura.

Tumbiri: Si kote, mkuu. Uingereza Septemba 2019, waziri mkuu Johnson aliwatoa wabunge 21 kwenye kundi la chama chake kwa kumpinga kuhusu Brexit, yaani nchi kujitoa Umoja wa Ulaya, na walibaki bungeni.

Kijembe: Hadi uchaguzi wa Desemba. Waliosimama bila chama waliangushwa wote. Hicho ndicho kiti unachokisifia?

Bi Nukta: Ngoja kwanza. Kijembe umesema HUPIGI KURA? Halafu unatufundisha nani mwajiri? Usiyepika usionje.

Kijembe: Kodi nalipa, dada. Sijaona mtoza kodi akiuliza kama nilipanga foleni ya kura.

Mzee wa Hoja: Ubelgiji kura ni lazima tangu 1893, Australia tangu 1924, ukikaa nyumbani bila sababu unapigwa faini. Kijembe angeshafilisika.

Kijembe: Ningekwenda nikaitumbukiza karatasi tupu. Watanilazimisha kufika, hawatanilazimisha kuchagua.

Bi Nukta: Kwa hiyo unasusa, wanaochagua wanakuwa wachache, na wachache hao ndio wenye chama. Wewe ndiye unayempa huyo mpitisha majina nguvu unayoililia!

Kijembe: Haya, tuwatazame waliopiga. Uingereza 2024, chama cha Labour walipata kama theluthi moja ya kura wakachukua viti 411 kati ya 650. Theluthi mbili waliamka, wakapanga foleni, wakapata nini? Picha ya kidole?

Tumbiri: Uingereza hawachovyi vidole wino.

Kijembe: Umeelewa nilichosema.

Bi Nukta: Huo ni ubovu wa mshindi kuchukua jimbo zima. Wekeni uwiano, viti vifuate kura.

Kijembe: Na orodha ya majina ya uwiano inapangwa na nani? Chama! Orodha ikiwa imefungwa, mbunge anamtazama aliyempanga nafasi ya tatu badala ya ya thelathini. Umemkimbia simba ukaingia zizini mwake.

Mzee wa Hoja: Zipo nchi zenye orodha wazi, mpiga kura anamchagua mtu mwenyewe kwenye orodha. Finland ni hivyo.

Bi Nukta: Asante Mzee. Yaani mpiga kura huyohuyo wa fulana, leo anaaminika kuchambua majina?

Mzee wa Hoja: Majina anayajua. Miswada nilisema, na sifuti.

Tumbiri: Jamani, swali langu lilikuwa mbunge apige kura upande gani.

Bi Nukta: Subiri kidogo Tumbiri. Mzee, wewe muswada wa mwisho kuusoma wote ni upi? Taja.

Kijembe: Tunasubiri.