Tupeane uzoefu: kazi iliyorudi na mstari mweupe ukingoni

Wadau, habari za kazi. Naanza na yangu.

Nilitengeneza kadi za biashara 500, bluu iliyokolea hadi ukingoni. Nilipofungua boksi, nyingi zilikuwa na uzi mweupe upande mmoja, mwembamba kama unywele, ila juu ya bluu ile huwezi kuacha kuuona. Faili langu lilikuwa milimita 90 kwa 55 kamili. Fundi akanionyesha rundo likiwa chini ya kisu: mashine inaposhuka karatasi zinasogea kidogo, kwa hiyo ya juu na ya chini hazikatwi mahali pamoja. Rangi ikiishia pale pale kisu kinapopita, nusu milimita tu inatosha kuleta weupe.

Tangu hapo naacha blidi, yaani rangi ya ziada ya kukatwa, milimita 3 kila upande. Kadi ile ilitakiwa iwe 96 kwa 61, na A4 ya 210 kwa 297 inakuwa 216 kwa 303. Nani mwingine limemkuta?

#2
Pole mkuu. Mimi blidi niliweka, kilichoniumiza ni fremu. Cheti kilikuwa na mstari wa dhahabu milimita 2 kutoka ukingoni. Kilipokatwa, kushoto mstari umebanwa, kulia umepwaya. Sasa fremu naiingiza ndani milimita 10 au naiacha kabisa. Maandishi na nembo, 5 kwenda ndani.

#3
Angalieni PDF! Blidi nimeiweka vizuri, wakati wa kuhifadhi nikasahau kutiki sehemu yake, ikabaki kwangu. Imenitokea mara mbili. Kabla ya kutuma fungua PDF yenyewe usome ukubwa wa ukurasa. Ukisoma 210 kwa 297, blidi haimo.

#4
Kwangu ni picha. Mteja alileta picha ya jalada ikiwa saizi kamili, pembeni hakuna cha kuongeza. Nikaitanua ifike kwenye blidi, na mtu aliyesimama mwisho kulia akakatwa bega. Mteja alilitazama lile bega muda mrefu bila kusema neno. Nilirudia kazi yote. Siku hizi sianzi kabla sijapewa picha ya asili, ambayo haijapunguzwa.

#5
Wanaotengeneza vitabu vya kubana pini katikati: karatasi za ndani huchomoza nje kuliko za jalada, na zikishakatwa upana wake unapungua. Kitabu kikiwa kinene ndiyo balaa. Changu cha kurasa 64, namba za kurasa za katikati zilibaki zimening'inia ukingoni. Muulizeni mchapaji mapema unene wa karatasi na nafasi anayotaka.

Mwanzisha mada
#5 asante sana, hilo sikulijua, na nina jarida la kurasa 48 la pini hapa mezani. Namba zake ziko milimita 6 tu kutoka ukingoni. Nazisogeza ndani sasa hivi, faili lilikuwa liende leo jioni.