Wanandoa tuliostaafu tukaitikia utume wa kanisa: siku zenu zinakwendaje? Tupeane uzoefu

Mama Kisomo (Simanjiro)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mume wangu alikuwa bwana shamba. Kwetu ni Marangu. Huu ni mwaka wa pili tuko Simanjiro, kwenye mtaa mmoja wa kanisa letu la Kilutheri, KKKT, uliokaa muda mrefu bila mwinjilisti. Tulipewa nyumba ya vyumba viwili yenye tenki la maji, tukaambiwa tukae na watu. Kila anayetupigia simu kutoka nyumbani huuliza wamebatizwa wangapi. Hajatokea wa kutuuliza tunaamkaje, na mimi hilo ndilo ninalotamani kulisimulia na kulisikia kwenu.

Saa kumi na moja alfajiri mzee anakuwa ameshakaa kitini, anasoma Neno kwa tochi ya simu maana betri ya sola inakuwa imelala. Tunasali. Halafu vidonge vya presha, changu kimoja, vyake viwili. Tunaviweka kwenye kikombe kimoja ili anayesahau akumbushwe na mwenzake. Kukipambazuka punda wanapita na madumu, nami natoka kununua mawili. Kiangazi maji ya tenki ni ya kunywa na kupikia tu, ya kufulia tunayanunua.

Baada ya chai tunatembelea watu. Mwinjilisti kijana wa mtaa wa jirani ana pikipiki, kwa asubuhi moja anazunguka maboma matano ya Wamasai. Sisi kwa magoti haya tunafika boma moja, siku ya nguvu mawili. Miezi ya mwanzo jambo hilo lilininyima usingizi. Nilijiona ninakula nafasi ya mtu mwenye miguu.

Kuna boma lina koko mmoja, bibi mzee sana, haoni. Watoto wa pale wakituona wanakuja na kuinamisha vichwa tuwaguse, ndiyo heshima yao kwa wakubwa. Yeye alikuwa anatusikiliza tu, hasemi. Safari ya nne akanishika mkono, akaniuliza kupitia mjukuu wake: umezika watoto wangapi? Nikamwambia mmoja. Akasema yeye watano. Akaanza kuwataja kwa majina, mmoja mmoja, na kila mmoja alikufa vipi. Mjukuu alikuwa anatafsiri huku analia, kwa sababu wa tatu alikuwa mama yake na hakuwahi kusikia habari zile. Tulikaa hadi ng'ombe wakarudi. Biblia ilikaa mkobani siku nzima, hatukuifungua. Tangu siku ile sijawaza tena habari ya pikipiki.

Mchana jua haliruhusu kitu. Saa kumi akina mama wanakuja chini ya mgunga kwa kisomo, wako kumi na mmoja. Mmoja alipoweza kuandika jina lake alikwenda kuliandika kwa mkaa kwenye mlango wa nyumba yake.

Jumapili baada ya ibada kuna mnada wa sadaka. Watu wanatoa maharage, maziwa, mbuzi, na sisi tunanunua ili fedha iingie kwenye mfuko wa mtaa. Kuna jogoo ambaye mume wangu alimnunua 15,000, Jumapili iliyofuata akamtoa tena sadaka, akanunuliwa na balozi wa nyumba kumi, naye akamrudisha. Alizunguka Jumapili tatu ndipo akachinjwa.

Sasa lililo gumu, na hapa nawaomba mnisaidie. Miaka 35 ya ndoa tulikuwa tunaonana jioni. Yeye alikuwa mashambani, mimi darasani. Huku tuko pamoja saa 24. Hana shamba la kukagua, akaanza kukagua jiko langu: mbona kuni nyingi, mbona chumvi imebaki wazi. Mwezi wa tano tulimaliza siku mbili tunasali pamoja na hatusemezani. Tulipopatana tukakubaliana: siku ya mnada wa ng'ombe yeye anashinda huko na wanaume wenzake, mimi nabaki peke yangu na nyumba. Inatusaidia. Ninyi mnafanyaje?

Nyanya wa Ukambani

Mama Kisomo, hapo kwa jiko nimekuelewa kabisa.

Mimi na bwanangu ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Kwetu wanandoa wazee huitwa kuhudumu kwa miezi 6, 12, 18 au 23, na mnajigharamia wenyewe. Sisi tulichukua 18. Tuliuza ng'ombe wawili, nyumba ya mjini tukaipangisha, kodi yake ndiyo inatulisha.

Watu wanadhani tunabisha milango kutwa. Hiyo ni kazi ya vijana. Kazi yetu kubwa ni hao vijana wenyewe. Tunazunguka nyumba wanazoishi wamisionari, wawili wawili, tukikagua: chandarua kimetoboka, mtungi wa gesi unavuja, sinki imejaa sufuria za juzi. Kijana wa miaka 19 kutoka mbali, hajawahi kujipikia, anaishi kwa mkate na mayai. Nimewafundisha kupika githeri, mahindi na maharage, hesabu sijui. Akiugua, sisi ndio tunaompeleka hospitali na kukaa naye kwa foleni. Kanisani wao huitwa Mzee, hata huyo wa 19, na mabinti huitwa Dada. Majirani hushangaa wakisikia bwanangu mwenye mvi anamwita mtoto mdogo "Mzee", naye anamwitikia "naam, Mzee".

Usiku wananipigia. Si mambo ya dini sana. Mama ya mmoja anaumwa nyumbani, mwingine mpenzi wake ameolewa. Mimi nasikiliza tu.

Halafu niseme hili kwa furaha. Zamani sisi Wakenya tukitaka kuunganishwa hekaluni, yaani ndoa ifungwe kwa umilele, ilikuwa safari hadi Johannesburg. Tuliweka akiba miaka sita kabla ya kwenda. Mei 2025 hekalu la Nairobi likawekwa wakfu. Wiki ile bwanangu hakulala, alikuwa anazunguka chumbani na suti kwa hanga.

Kuhusu kuwa pamoja saa zote: sisi tumegawana. Gari na hesabu za pesa ni zake, siulizi. Jikoni na ratiba ni zangu, haulizi. Jumatatu ni siku yetu ya kupumzika na kila mtu anapiga simu kwa watoto akiwa chumba chake.

Kitinda Mimba

Shikamooni wazazi wangu. Niseme upande wa watoto, msichukie.

Baba na mama waliondoka Tukuyu kwenda kutumika Chunya, Kanisa la Moravian. Baba alikuwa na miaka 67. Kaka yetu mkubwa alikataa katakata, akasema mzee anatafuta kufia porini wakati wajukuu wapo. Kikao kiliisha vibaya. Mimi nilikaa kimya siku ile, na bado inanisumbua.

Walipofika huko mtandao ulikuwa wa kupanda kilimani. Mama anapanda Jumatano na Jumamosi. Akikosa Jumatano moja, mimi kazini sifanyi kitu. Mara moja alikosa mbili mfululizo, nikapanda basi bila kuaga. Nikamkuta anapepeta mchele, homa ya malaria imemwachia jana yake, ananiuliza nimefuata nini. Baba alikuwa amekwenda kumwogesha mzee mmoja aliyepooza. Anamwogesha kila Jumanne na Ijumaa. Baba yangu huyu, ambaye kwetu hajawahi kumwogesha hata mtoto! Nilimwona anarudi na ndoo na sabuni, mikono ya shati imekunjwa, nikashindwa kumwambia maneno niliyokuwa nimeyapanga kwenye basi.

Wazee, ombi langu ni moja. Mkienda, tupeni namba ya mtu wa huko. Jirani, mzee wa kanisa, mwenye duka, yeyote.

Mgane wa Rabai

Nimesoma yote. Mimi ni Mwanglikana, mkaguzi wa elimu mstaafu. Mke wangu alikuwa muuguzi. Tulikuja Rabai pamoja, nimebaki peke yangu.

Hapa ni mahali pa zamani. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa 1844 na mkewe Rosine, na mwaka huohuo, haijapita hata miezi mitatu, Rosine na kitoto chake wakafa. Mwaka 1846 Krapf na mmisionari mwenzake Rebmann wakaanza Rabai. Rebmann alimzika mkewe Emma mwaka 1866, akabaki hadi 1875, akarudi Ujerumani akiwa kipofu. Habari hizi nilizifundisha miaka mingi shuleni kama tarehe za mtihani.

Kazi yetu ilikuwa wazee wasiotoka nyumbani. Mke wangu alipima presha, akafunga vidonda, mimi nikibeba mkoba na daftari. Mwezi wa tisa alianza kuchoka. Alisema ni jua. Nami nilimwamini kwa sababu yeye ndiye muuguzi. Aliishi wiki saba baada ya hapo.

Watoto walitaka nirudi Voi. Nikarudi, nikakaa mwezi. Kila asubuhi nilikuwa nikiamka saa ya kwenda kwa wagonjwa na hapana pa kwenda. Nikaomba kurudi Rabai, kanisa likanikubalia. Sasa mkoba naubeba bado, kijana wa zahanati ndiye anapima. Mimi naandika kwenye daftari lilelile. Mwandiko wake uko kurasa za mbele, wangu unafuata.

Mama Kisomo, huyo anayekuuliza mbona chumvi iko wazi, mjibu. Mjibu tu.

Mama Kisomo (Simanjiro)

Baba wa Rabai, pole sana. Nimesoma maneno yako mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mzee akiwa anasikiliza. Hakusema kitu, alitoka nje akakaa kwenye kigoda. Tumekuombea kwa jina la Baba wa Rabai kwa kuwa jina lako hatulijui.

Mwanangu Kitinda Mimba, leo hii nimewatumia watoto wangu wote namba ya balozi na ya mwenye duka. Mwaka wa pili na sikuwahi kuliwaza! Na kaka yako, mpeleke Chunya siku ya Ijumaa.

Nyanya, ratiba yako ya Jumatatu naichukua. Niandikie na hiyo githeri, mahindi mnaloweka usiku au mnachemsha moja kwa moja? Huku mahindi ni makavu mno na gesi ni ya kuhesabu.

Wengine karibuni. Nitasoma kesho jioni, sola ikijaa. Asubuhi tuna koko wa kumtembelea, ameagiza tumletee ugoro.